Uduvi Ulionuka Mafuta ya Taa

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka pwani ya Amborovy, hapa Mahajanga, akirukaruka kwa mguu mmoja. Alikuwa amekanyaga kitu cheusi chenye kunata, kilichoshika mchanga na kipande cha kombe, na kila alipojaribu kukifuta kwa kidole kilihamia kidoleni. Binti yangu akasema mtoto aoshwe kwa sabuni. Sabuni! Nikawaacha na ndoo yao, nikaenda jikoni, nikachukua chupa ya mafuta ya taa na kitambaa kikuukuu, nikamkalisha mtoto kizingitini. Lile jeusi likalainika, likageuka kahawia, likatoka. Mtoto akauliza nani amelitupa pale. Nikamwambia ni bahari. Akauliza bahari nayo imelitoa wapi. Nikamwambia anyamaze nimalize mguu wa pili, ingawa mguu wa pili ulikuwa safi.

Mimi ni mtu wa kunusa. Wanangu hunicheka sokoni, maana sinunui samaki kabla sijamfungua shavu na kuingiza pua, na wauzaji wanaonijua huniambia, bibi, nusa basi uondoke. Maji huyanusa, unga huunusa, hata barua nilikuwa nikizinusa enzi watu walipokuwa wakiandikiana barua. Nimeupata wapi ugonjwa huu najua vizuri. Niliupata Nosy Be, mwaka ule tulioishi kwa uduvi, na nikaupata kwa mama yangu, ambaye sasa hayupo.

Tulifika Nosy Be wawili tu, mama na mimi. Tulitoka Mahajanga baada ya vurugu zilizowatoa jamaa zetu wengi wenye asili ya Komoro. Baba alipanda meli pamoja na waliorudishwa Ngazija, akaahidi kutuita, na mpaka leo hajatuita. Nyumba yetu haikubaki. Jambo moja mama alilirudia mara nyingi, kwa sauti ileile ya mtu anayetaja bei ya mchele: kwamba aliyewaonyesha watu nyumba yetu alikuwa jirani, mwanamke tuliyekopeshana naye chumvi na kula naye Idi zote mbili. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama angesema, maneno aliyorithi kwa bibi yake, aliyekuwa na Kiswahili cha dua, cha biashara na cha bahari, na hakuwa na kingine. Sisi nyumbani tulichanganya Kingazija na Kimalagasi, na nje tulizungumza Kisakalava kama kila mtu.

Aliyetupokea kisiwani alikuwa bibi mmoja Msakalava aliyeitwa Dadi Soa. Dadi ndilo neno la huko la kumwitia bibi, na yeye alikuwa bibi wa pwani nzima. Alitupa chumba kimoja cha makuti nyuma ya nyumba yake, na alimpa mama kitu kikubwa kuliko chumba, nafasi kwenye uwanja wa kuanikia uduvi. Bila nafasi ile tungekula nini? Mama hakuwa na shamba, hakuwa na mume, na jina lake halikuwa la kule. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa, kule kwenye miamba inayotazamana na kisiwa cha Nosy Komba, ambako mkondo hutupa kila takataka ya bahari. Wenyeji hawakuitaka. Mama aliipokea kwa mikono miwili, kisha usiku wa kwanza akaniambia nisijidanganye, mtu hapewi kitu na asiyemjua.

Kazi ya uduvi ilikuwa ya wanawake. Kundi lilipokaribia ufukwe, maji yakawa kama yamemwagiwa pumba, waliingia wawili wawili mpaka kifuani wakikokota wavu wa matundu madogo. Kisha uduvi ulimwagwa juu ya majamvi yaliyotandikwa mchangani, ukageuzwa na kugeuzwa mpaka ukauke na kuwa mwepesi na mwekundu. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kutandika majamvi yetu na kufukuza kuku. Nilikuwa na miaka saba au minane, na niliona fahari kubwa kuwa na kuku wa kufukuza.

Uwanja ule ulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Uduvi haukuwa na mwenyewe ukishakauka, wote ulitiwa katika magunia ya pamoja na kuuzwa kwa mara moja. Kwa hiyo kabla ya kujaza magunia, kila mwanamke alichota kiganja kutoka jamvi la jirani yake, si lake, akakitafuna mbele ya wenzake na kumeza. Aliyemeza amemdhamini jirani. Mama alikula cha mwanamke wa upande wake wa kulia. Cha mama kililiwa na Dadi Soa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kumdhamini mgeni. Mimi nilikuwa nikisimama karibu na kanga ya mama, ndiyo maana niliona wasichokiona wengine. Mama alitafuna, lakini hakumeza. Aliinama kama mtu anayefunga kanga, akakitema kwenye pindo.

Nilimuuliza njiani kwa nini. Akaniambia nitazame ninapokanyaga.

Basi ndivyo tulivyoishi, mama akiwaangalia wao na wao wakimwangalia yeye, na mimi katikati nikila godrogodro. Godrogodro ni keki nzito ya nazi na iliki, na ya Dadi Soa ilikuwa na rangi ya asali na haikuwa na mfano. Kila nilipotoka shule alinikatia kipande, akanikalisha mlangoni pake, akanisikiliza nikisoma herufi. Mama alinikataza kula kwa watu. Nikawa nakula kwanza, halafu nanawa mikono baharini, halafu narudi nyumbani. Na kila jioni, kabla ya kuwasha taa, mama aliniita, akachukua mikono yangu miwili, akaigeuza viganja juu na kuinusa. Mmoja, kisha wa pili, polepole, macho ameyafumba. Nilidhani ananusa godrogodro na kunisamehe. Zaidi ya hapo nilidhani ni mapenzi. Wasichana wengine mama zao waliwasuka nywele wakiimba; wangu hakuwa mtu wa kuimba, alikuwa na hili, na mimi nilingoja jioni kwa ajili yake.

Asubuhi moja niliamka kabla hajaniita nikamkosa kando yangu. Nikatoka nyuma, jikoni. Alikuwa amechuchumaa kando ya rundo la kuni, chupa ya mafuta ya taa imesimama miguuni mwake, naye anajisugua mikono kwa kitambaa mpaka kwenye viwiko. Midomo ilikuwa ikienda, anasoma kitu. Nilimwita. Aliruka kama nimemmwagia maji. Akaisukuma chupa nyuma ya kuni, akafunika kitambaa kwa mguu.

"Hukuona kitu," akaniambia.

Nikasema ndiyo, sikuona kitu. Kesho yake nikamwona tena, na kesho kutwa. Chupa iliyokuwa ikitutosha mwezi kwa taa iliisha kwa siku tano, nikatumwa dukani kununua nyingine, kisha nyingine. Mwenye duka akanitania kwamba kwetu sasa tunapikia mafuta ya taa wali. Nikacheka ili asiendelee kuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumficha mtu jambo nisilolijua, na nataka kusema wazi kwamba ilinitisha kuliko vurugu za Mahajanga, ambazo nilizipita nikiwa mgongoni mwa mama nimefunikwa uso.

Siku chache baadaye akaja mnunuzi. Alikuwa Bwana Musa, mtu wa Mahajanga, mnene, mwenye kofia na adabu zake, ambaye kila baada ya wiki tatu alikuja na jahazi lenye mashine kuchukua magunia. Siku hiyo alifungua gunia la kwanza, akachota, akainua kiganja puani, akakirudisha chini bila kuonja. Akafungua la pili. Akafungua yote. Kisha akajipangusa mikono na kusema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, kwamba yeye hakuzaliwa jana. Kuna watu, alisema, wakati wa nzi wengi hunyunyizia uduvi mafuta ya taa ili nzi wasitage, na walaji huko juu Antananarivo wakiumwa tumbo anayetafutwa ni yeye. Hakununua hata gunia moja. Jahazi likaondoka tupu.

Wanawake walibaki wamesimama. Nadhani walikuwa kumi na wawili, au walionekana wengi kwa kuwa mimi nilikuwa mdogo. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na kila mmoja alitaka kujua nani ameoza. Walinusa majamvi moja baada ya jingine, wakianzia upande wa minazi. Walipofika mwisho, kwenye miamba, hawakuhitaji kuinama. Jamvi la mama lilinuka.

Mama alisema hajanyunyiza chochote. Alilisema mara moja, hakulirudia. Mwanamke wa kulia kwake akasema kwamba mume wake analo duka, na dukani wanajua nani amenunua chupa tatu kwa muda mfupi. Wote wakamtazama mama, kisha Dadi Soa. Yeye ndiye aliyekula kiganja kutoka jamvi lile. Yeye ndiye aliyedhamini. Alikuwa na donge la tumbaku shavuni kama kawaida yake, na miaka mingi ya tumbaku ilikuwa imemwacha bila ulimi wa kuonjea, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Aliona aibu. Mtu mzima akiona aibu mbele ya watoto huwa mkali. Akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, mama yako anaweka wapi mafuta ya taa?"

Alisema mjukuu wangu, kwa sauti ya mlangoni pake, ya godrogodro na herufi. Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama bahari. Nimeyafikiria macho yale maisha yangu yote, na nikiwa mkweli, hayakunikataza. Basi nikainua mkono nikaonyesha kwa kidole, kule nyumbani, nyuma ya kuni.

Dadi Soa akaniuliza huyatumia saa ngapi. Nikasema alfajiri, kabla ya kwenda pwani. Akaniuliza huyafanyia nini. Nikasema anajipaka mikononi, halafu anakuja kwenye uduvi. Kila neno lilikuwa la kweli. Sikuongeza hata punje, na ndani yangu nilikuwa nimekwisha amini kwamba mama yangu ni mdanganyifu aliyetia watu sumu, na kwamba nikisema ataacha na tutakuwa kama watu wengine.

Hawakumpiga wala kumtukana. Dadi Soa mwenyewe alikunja majamvi yetu, akayafunga kwa ukindu na kuyaweka miguuni mwa mama. Nafasi ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyeitaka, ilikuwa si yetu tena. Chumba tukaambiwa tunaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Mama aliyabeba majamvi kichwani na hakujitetea. Hilo ndilo lililonithibitishia, maana kwa akili yangu ya wakati ule asiye na kosa hupiga kelele.

Jioni ile nilinawa mikono, nikakaa mbele yake, nikainyoosha. Mama alipita, akawasha taa. Hakuinusa. Kesho yake vilevile. Nikajua nimeadhibiwa, na adhabu ilikuwa ya haki, na nililia huku nimeuma jamvi nisisikike.

Siku ya nne au ya tano harufu ilitangulia kabla ya jua. Iliingia kwa matundu ya makuti, nzito, kama taa mia zilizozimwa kwa pamoja, na kichwa kiliuma kabla hujafungua macho. Tulitoka. Pwani nzima wametoka. Maji yalikuwa yakija yamelala, hayana povu wala sauti, ya kahawia, na kila wimbi lilipojiondoa liliacha utando mweusi mchangani. Uduvi ulikuwa umekufa katika mistari mirefu, umeshikana. Kaa walikuwa wakitembea kwa shida, wamevaa lami. Nyavu zilizoachwa usiku kwenye miti iliyosimikwa majini zilikuwa zimeziba matundu yote, na nyavu zile zilikuwa kazi ya vidole vya miezi. Mtoto mmoja aliingia mpaka magotini kabla hajavutwa, akatoka na soksi nyeusi.

Mbali, nje ya kisiwa, watu walisema wameona meli kubwa siku kadhaa kabla, imesimama bila sababu. Wengine walisema hawakuona. Alikuja mtu wa ofisi, amevaa viatu, akaandika kitu kwenye daftari akiwa amesimama palipo kavu. Akasema huenda ni kitu cha kawaida cha bahari na kitaondoka chenyewe. Dadi Soa akamwuliza kama atakula pweza wa hapa. Yule bwana akasema ameshakula nyumbani. Hatukumwona tena, na nani alimwaga mafuta yale hatukuambiwa wakati ule wala baadaye. Wazee wakaanza kuulizana mwiko gani umevunjwa na nani kauvunja, na wakati wanaulizana, wanawake walikuwa wakichota lami kwa vifuu na kuitia katika masufuria ya kupikia, maana hawakuwa na kingine.

Ni siku hiyo mchana Dadi Soa alipokuja mlangoni petu. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na katika kiganja kimoja alishika donge lililoviringika, limejaa mchanga, chembe za kombe na nyuzi za mwani. Alimwonyesha mama. Mama akalitazama. Kisha akachukua jembe, akaenda nyuma ya kuni, akafukua. Niliona shimo limejaa madonge yaleyale, makubwa kwa madogo, yamefunikwa majani ya mdimu. Mama alikuwa akiyakuta kila alfajiri chini ya jamvi letu na kulizunguka, kule mwisho kwenye miamba, siku nyingi kabla hayajafika kwa mwingine. Hakujua lami ya baharini. Nani Mahajanga mjini angejua? Alichojua ni kwamba mtu akitaka kukumaliza huzika dawa mahali unapokaa, na dawa ni kitu cheusi kilichoviringwa kwa vitu vya pale pale. Aliyaokota kwa kisomo, akayazika mbali na miguu ya mtoto, na yalipogoma kutoka mikononi alitumia mafuta ya taa.

"Nilidhani ni wewe unayeniwekea," mama akamwambia.

Dadi Soa akakaa chini, juu ya kuni. Alitafuna tumbaku yake muda mrefu.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nawe ungeniuliza mimi. Hukuniuliza mimi, ulimwuliza mtoto."

Hakuna aliyeomba radhi. Dadi Soa aliomba mafuta ya taa kidogo ya kunawia, mama akammiminia, na wakasuguana mikono, kila mmoja akimsugua mwenzake, kwa kitambaa kilekile. Mpaka leo sijui kama uduvi wetu ulinuka kwa sababu ya bahari au kwa sababu ya mikono ya mama. Sidhani hata yeye alijua.

Nafasi yetu tulirudishiwa siku ileile, na haikuwa na maana tena. Majamvi yalichomwa moto, kila mtu ya kwake. Lami iliondoka juu kabla ya msimu kwisha, lakini ukifukua mchanga kwa kidole cha mguu uliikuta chini, imejificha. Watoto walipata upele. Uduvi uliporudi, kidogo kidogo, hakuna aliyeununua, wala samaki waliovuliwa upande wa pili wa kisiwa ambako lami haikufika kabisa. Bwana Musa hakuja. Na ile desturi ya kula cha jirani ilikufa. Walijaribu mara moja, nikawaona wanawake wote, si mama peke yake, wanainama kufunga kanga zao. Hapo ndipo nilipoona kwamba bahari imetuachia kitu kibaya kuliko lami.

Tulirudi Mahajanga. Mama alipata kibanda upande wa Belobaka, kando ya barabara iendayo bara, mahali ambapo bahari huioni wala huisikii, na akauza mikate ya mchele na nazi kwa abiria mpaka nilipoolewa. Alinilea vizuri. Sikukosa sare wala daftari. Lakini mikono yangu hakuinusa tena. Nilikua nikiamini kwamba siku ile nilipoinua kidole, kama jirani yule wa zamani, kulikuwa na kitu kilichokatika ndani yake kwa ajili yangu, na kwamba huduma zote zilizofuata zilikuwa wajibu. Nilizaa, nikalea, nikafikia umri aliokuwa nao yeye, na jambo hilo halikuondoka. Kila nilipomwamkia nilikuwa na ganzi hiyo.

Mwaka wake wa mwisho alikuja kukaa kwangu. Alikuwa haoni vizuri, lakini pua ilikuwa timamu, akiwa kitandani anajua nani amepita na kabeba nini. Siku moja nilikuwa nakatakata mboga karibu naye, na sijui kilichonisukuma, nikamwomba radhi kwa siku ile ya Nosy Be. Nikamwambia niliamini kweli kwamba alinyunyiza. Akasema alijua kwamba niliamini. Nikamwambia basi ndiyo maana uliacha kuninusa mikono.

Alielekeza uso upande wangu. Kisha akaniuliza nilidhani alikuwa akininusa kwa nini.

Nikamwambia.

Akageuza uso ukutani. Akanieleza kwa maneno machache, bila kupamba, kama alivyokuwa akieleza kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitandika majamvi. Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda mlangoni kwa Dadi Soa, nikila vya Dadi Soa, na nikidanganya kwamba sikula. Nani mwingine angeweza kuleta dawa ile mpaka chini ya jamvi letu? Hata kabla ya madonge alikuwa na wasiwasi nami, na madonge yalipoanza alikuwa kila jioni akitafuta harufu ya dawa mikononi mwangu. Siku niliyoinua kidole hakuwa tena na la kutafuta, aliona amekwisha lipata. Na siku bahari ilipojionyesha, aliona haya kunigusa mikono, na haya ile haikumtoka.

"Ulikuwa mtoto wa miaka saba," akasema. "Nami nilikuogopa."

Nilifikiria jioni zile zote nilizozingoja, mikono imenawiwa, nimekaa sawasawa. Nilitaka kukasirika na sikuweza, maana nilimkumbuka mtoto yule naye, jinsi alivyokaa akimwangalia mama yake kana kwamba ni mwizi. Tulikuwa wawili tu duniani, chumba kimoja, jamvi moja la kulalia.

"Nipe mikono," akasema.

Nikaweka kisu chini, nikampa. Aliigeuza viganja juu, akafumba macho, akanusa mmoja, kisha wa pili, polepole.

"Vitunguu," akasema, na hakuiachia.